Kiangazi Hukunjika

Mwaka nilioanza kazi, kituo cha hali ya hewa cha Vidin
kilikuwa na kompyuta moja, nzito kama jiko la chuma,
na diski laini kumi zilizohesabiwa kila Ijumaa.
Metodi ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati.
Alinionyesha ARC. Aliandika amri kwa vidole viwili,
tukanywa chai ya maua ya tilia, chai ikaisha,
na mvua ya miezi sita ikawa imeingia
mahali pa miezi miwili.

"Haijapotea?" nikauliza.
"Nguo iliyokunjwa imepotea?"

Halafu dereva wa lori aliyetoka Vienna akatuletea ZIP,
na ARC tukaisahau kama jina la mpangaji aliyehama.
Lakini Metodi aliipenda ARJ,
kwa sababu ARJ ilijua kukata:
faili moja ndefu, diski kumi na mbili,
kila moja na namba yake kwa wino wa zambarau.
Mkate uliokatwa hivyo
huliwa wote au hauliwi.
Diski ya saba iliota ukungu ghalani,
na miaka minne ya mvua
ikakwama baina ya ya sita na ya nane.

RAR ingetuokoa, labda.
RAR huweza kujiwekea akiba ya kujitibu,
kama fundi anayeshona kifungo cha ziada ndani ya koti.
Kila asubuhi ilitukumbusha, kwa adabu, kwamba hatujalipa,
na kila asubuhi tulilifunga dirisha lake,
kwa adabu vilevile.

Nilikuja kuelewa peke yangu, usiku wa zamu:
zote hizi huwinda takriri.
Zikikuta neno lililokwisha kusemwa
huliondoa, na mahali pake huandika:
rudi nyuma hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa.
Ndiyo maana Agosti kavu,
sifuri, sifuri, sifuri,
hukunjika mpaka ikaenea kiganjani.
Shairi lenye kibwagizo hukunjika.
Sala hukunjika.
Ugomvi wa Metodi na mkewe kwenye simu
ungekunjika vizuri mno.

Lakini wiki ile mto Danubi ulipopanda ngazi za bandari
na kipimo kikatema namba zisizowahi kutokea,
nilijaribu gzip, nikajaribu bzip2,
na miaka baadaye 7z, niliyoiacha ikihema usiku kucha,
feni ikilia kama nzi aliyenaswa chupani.
Wiki ile ilikataa.
Ilipungua kama mtu mnene aliyevua kofia.

Sasa kuna zstd, na kuna Kalina,
miaka ishirini na sita, pete puani,
anayefunga mwaka mzima kabla sijakaa kitini.
Huniuliza kwa nini bado nahangaika na ukubwa wa faili
wakati nafasi ni rahisi kuliko gazeti.
Sijui kumjibu vizuri. Nilizoea kubana, basi.
Mama yangu naye alikuwa akikunja mifuko ya karatasi.

Alhamisi nilimletea kikasha cha Metodi.
Kisomadiski kikakohoa, kikameza ya kwanza, ya pili.
Mvua ileile ikatoka, tone kwa tone,
hata kosa lake la tarehe tatu Machi,
nukta aliyoiruka kwa haraka ya kwenda kwenye mechi,
lipo, halikuguswa.
Ya sita. Sawa.
Ya saba ikakwaruza, ikanyamaza.

"Tujaze sifuri?" akauliza Kalina.
"Hapana. Sifuri ni siku isiyo na mvua.
Hizi ni siku tusizozijua."

Akaweka alama ya kuuliza
siku elfu moja mia nne sitini na moja, mfululizo.
Kisha akabonyeza, akazibana.
Tulitazama kioo kwa muda, yeye na mimi.
Miaka minne ya kutojua
haikufikia hata ukubwa wa jina la Metodi
na anwani yake.